Mchoraji Atoka Nje na Rangi Zake

Katika darasa letu kuna kalenda ya zamani iliyotundikwa karibu na dirisha. Miezi yake imekwisha pita siku nyingi, wala haitufai tena kwa kuhesabu juma na juma. Lakini hatukuitupa, kwa ajili ya picha iliyo juu yake. Picha hiyo yaonyesha mto mdogo wa Uingereza. Gari tupu la farasi limesimama katikati ya maji. Upande wa kushoto kuna nyumba ya mkulima, mbele kuna mbwa ukingoni, na mbali kule yaonekana mashamba ya nyasi yenye kuangazwa na jua. Juu ya yote hayo yapita mawingu makubwa.

Mwezi uliopita, mvulana mmoja aliyekuwa na zamu ya kufuta vumbi alisimama mbele ya kalenda ile kwa muda mrefu, kisha akatuuliza: «Bwana Mwalimu, mtu huyu alibebaje rangi zake zote mpaka mtoni? Na mawingu je, yalimngoja?»

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana tuliona ya kwamba mtoto ameuliza jambo ambalo wachoraji wenyewe walihangaika nalo muda wa miaka mia nzima. Tukamwahidi kumjibu katika ukurasa huu, ili na wazazi wapate kusikia. Basi leo twatimiza ahadi.

Gari lililochorwa London

Jibu la kwanza litamshangaza mvulana wetu: mchoraji hakuzibeba. Picha ile ni kazi ya John Constable, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, jimbo la Suffolk. Baba yake alikuwa na vinu vya kusaga nafaka kando ya mto Stour, na mto huo ndio tunaouona kwenye kalenda. Lakini picha yenyewe, iitwayo The Hay Wain, yaani gari la kubebea nyasi kavu, ilichorwa London, chumbani, katika miezi ya baridi kabla ya maonyesho ya mwaka 1821. Kimo chake ni mita 1.3, na upana wake wapita mita 1.8. Nani angeweza kusimamisha kitambaa kikubwa namna hiyo ukingoni mwa mto, katika upepo na mvua, kwa muda wa miezi?

Je, alibuni tu? La, hasha. Kwa miaka mingi Constable alikuwa akirudi kwao wakati wa majira ya joto, akiketi nje na kisanduku cha rangi magotini, na kuchora vipande vidogo juu ya karatasi nene au vibao: shina la mti, paa la nyumba, maji yanayopita chini ya daraja. Vipande hivyo havikuwa vya kuuza. Vilikuwa daftari lake. Alipoianza picha kubwa, alichora kwanza nyingine ya ukubwa uleule, kwa rangi za mafuta, upesi upesi, apate kujua kila kitu kitakaa mahali gani. Hiyo ya kujaribia ingaliko katika jumba la Victoria and Albert Museum, na ile iliyokamilika iko katika National Gallery, zote mbili mjini London. Na alipotaka kujua sawasawa jinsi gari la mavuno la kwao linavyoundwa, kijana mmoja wa kijijini alikwenda kulichora katika baridi kali, na michoro ikapelekwa London. Constable hakutaka kukisia hata gurudumu.

Na mawingu? Hayakumngoja, wala hayamngoji mtu yeyote. Ndiyo sababu katika miaka ya 1821 na 1822, alipokuwa akikaa Hampstead, mahali pa kilima kando ya London, alichora mbingu peke yake mara makumi, kila mara juu ya karatasi na kwa muda mfupi. Nyuma ya karatasi nyingi aliandika siku, saa, na upepo ulikotoka. Tazameni jambo hilo: mtu wa miaka 45, baba wa watoto, ajirudisha shuleni kusoma mawingu kama mtoto asomavyo herufi. Mwaka 1824 picha ya gari ilionyeshwa Paris, na mfalme wa Ufaransa akampa Constable nishani ya dhahabu.

Kwa nini mafuta ya kitani

Ili kufahamu jibu la pili, yatupasa kwanza kujua rangi ya mafuta ni kitu gani. Kuieleza ni rahisi. Kuitengeneza ni kazi. Ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta mpaka ukawa laini kama siagi. Unga huo hutoka katika udongo, mawe, mimea, wadudu, au katika viwanda vya wakemia. Mafuta ni ya mbegu za kitani, mmea uleule utoao nyuzi za nguo.

Mama zetu watauliza: kwa nini si mawese? Kwa sababu mawese hayakauki. Ukiyapaka ubaoni leo, mwezi ujao yatakuwa bado mafuta, tena yatakuwa yamekusanya vumbi. Mafuta ya kitani yana tabia nyingine. Hayakauki kama maji yakaukavyo, kwa kupanda hewani. Yanavuta oksijeni ya hewa na kuishika, na kwa hiyo yanageuka polepole kuwa ngozi ngumu inayoufunga unga wa rangi ndani yake. Juu, kazi hiyo yaonekana imekwisha kwa siku chache. Ndani ya tabaka nene yaweza kuendelea kwa miaka.

Sheria nyingi za ufundi huu zatoka hapo. Mafuta hayo yakigusa nyuzi za kitambaa, huziozesha. Kwa hiyo kitambaa cha kitani, kikiisha kuwambwa juu ya fremu ya mbao, hupakwa kwanza gundi iliyopikwa kwa ngozi za wanyama, iwe kizuizi. Juu ya gundi huja tabaka la msingi, ambalo katika karne ya 19 lilitengenezwa mara nyingi kwa nyeupe ya risasi na mafuta. Nyeupe hiyo ni sumu kwa mtu anayeisaga, lakini hukauka vema na kudumu sana. Constable alipenda kupaka juu ya msingi rangi ya udongo wa kahawia. Hapa na pale kati ya majani ya miti aliuacha uonekane, na kijani kikapata joto kutoka chini.

Kisha huja rangi zenyewe, nazo zina utaratibu wao. Huanza michoro na vivuli, kwa rangi nyembamba iliyozimuliwa kwa tapentaini. Wengi hufuatisha mbingu, maana mbingu ndiyo inayogawa nuru juu ya kila kitu. Halafu vilima vya mbali, halafu miti ya karibu. Kadiri tabaka linavyokuwa la juu, ndivyo linavyopewa mafuta zaidi. Mafundi walirithishana sheria hiyo kama amri: lenye mafuta mengi likae juu ya lenye mafuta machache, lisikae chini yake kamwe. Fundi wa nyumba aijua sababu bila kufundishwa. Akipaka chokaa juu ya udongo mbichi, juu patakauka, chini patajikunja, na kabla ya mwaka kwisha ukuta utapasuka.

Wengine walivunja sheria hiyo, na kazi zao zawashuhudia. Mwanzoni mwa karne ya 19 wachoraji wengi walipenda kahawia iliyotengenezwa kwa lami. Siku ya kupakwa ilikuwa nzuri mno, yang'aa kama asali nyeusi. Lakini lami katika mafuta haikauki kabisa. Rangi za juu zilikauka, lami ya chini ikaendelea kutembea, na uso wa picha ukapasuka ukafanana na ngozi ya mamba. Wenye picha hawakuona kasoro yoyote walipozinunua. Aliyekosa alikuwa amekosa chini, mahali pasipoonekana.

Kibofu cha nguruwe na mrija wa bati

Sasa tuje kwenye kubeba. Zamani rangi ilisagwa mahali pa kazi, juu ya bamba la jiwe, na wanafunzi wa fundi. Baadaye maduka yakaanza kuisaga na kuiuza ikiwa tayari, imetiwa ndani ya kibofu cha nguruwe na kufungwa kwa uzi. Mchoraji alikitoboa kibofu kwa msumari mdogo, akakamua kiasi alichotaka, kisha akaliziba tundu. Lakini hewa iliingia, rangi ikaanza kukauka. Na safarini kibofu kiliweza kupasuka na kuharibu nguo na chakula.

Hata hivyo watu walitoka. Pierre-Henri de Valenciennes, Mfaransa aliyefundisha kuchora mandhari, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1800 kwamba mwanafunzi achore kwa rangi za mafuta mbele ya mahali penyewe, lakini asizidi saa mbili, kwa sababu nuru itakuwa imebadilika; na jua likichomoza au likitua, asizidi nusu saa. Camille Corot alifuata njia hiyo huko Italia. Mwaka 1826 alichora juu ya karatasi daraja la kale la Warumi lililovunjika, mahali paitwapo Narni. Kisha akachora nyingine chumbani, kubwa zaidi, yenye miti na watu waliopangwa vizuri, kwa ajili ya maonyesho ya Paris. Ile ndogo iko katika jumba la Louvre, na ile kubwa iko Ottawa, nchi ya Kanada. Siku zile kazi ya nje ilikuwa matayarisho, na kazi ya chumbani ndiyo iliyoitwa picha.

Mwaka 1841 jambo dogo liligeuza desturi hiyo. John Goffe Rand, Mmarekani mchora sura za watu aliyekuwa akikaa London, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake: mrija wa bati laini, uliokunjwa na kubanwa nyuma, ambao rangi yake hukamuliwa kama sisi tunavyokamua dawa ya meno. Hewa haikuingia tena. Rangi iliweza kukaa miezi na miezi bila kuharibika, tena iliweza kutiwa mfukoni. Maduka ya rangi, kama lile la Winsor & Newton mjini London, yakaupokea mrija huo, nao ukaenea katika nchi nyingi.

Burashi nazo zilibadilika. Kipete cha chuma kilichobanwa kiliwezesha nywele ngumu za nguruwe kukaa bapa badala ya duara, na mchoraji akaweza kuweka rangi kwa pigo moja pana na kuliacha lionekane. Ongeza hapo kiunzi cha kukunja, mwavuli, kiti kidogo, na reli iliyomtoa mtu mjini asubuhi na kumrudisha jioni. Wengi wakaanza picha nje, na wengine wakazimaliza hukohuko.

Wengine wao waliacha ushahidi bila kukusudia. Katika picha ya Claude Monet ya ufuko wa Trouville, ya mwaka 1870, chembe za mchanga wa ufuko zimo ndani ya rangi hata leo. Na mwaka 2017 wataalamu wa jumba moja la picha la Kansas City, Marekani, walitangaza ya kuwa wamekuta panzi mdogo amenaswa katika rangi ya picha ya mizeituni aliyoichora Vincent van Gogh mwaka 1889. Mvulana wetu aandike hilo katika daftari lake: safari hii mchoraji alikuwako kweli shambani, na panzi ndiye shahidi.

Rangi ambazo baba zao hawakuzijua

Mrija peke yake usingetosha. Karne hiyo wakemia walikuwa wakigundua rangi mpya, na mandhari ndiyo yaliyofaidi sana, maana yataka buluu ya mbingu na kijani cha majani.

Buluu iliyo bora ya zamani ilisagwa kwa jiwe lililotoka katika milima ya Badakhshan, Afghanistan. Safari yake ilikuwa ndefu, na bei yake kubwa mno. Mwaka 1824 chama kimoja cha Ufaransa cha kuendeleza viwanda kiliahidi faranga 6,000 kwa mtu atakayeweza kuitengeneza kiwandani kwa bei nafuu. Na mwaka 1828 Jean-Baptiste Guimet akaipata zawadi. Kabla ya hapo, mwaka 1802, mkemia Louis-Jacques Thénard alikuwa amekwisha tengeneza buluu nyingine kwa kobalti. Wasomaji wetu wa Kolwezi na Likasi walijua jina hilo. Kobalti ya siku zile ilitoka katika machimbo ya Ulaya, kama yale ya Saxony. Lakini leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu ya Kongo, hasa katika udongo wa Katanga. Hutumiwa sana katika betri, lakini rangi ile ya wachoraji ingali ikitengenezwa.

Kromi, madini ambayo Louis-Nicolas Vauquelin aliyatambua mwaka 1797, ilitoa manjano kali kama ua la alizeti. Kutokana na kromi ilitoka pia kijani kimoja safi na imara, ambacho Guignet alipata hati yake mwaka 1859. Lakini kijani kingine, kilichoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1814, kilikuwa na aseniki ndani yake, yaani sumu ya kuulia panya. Kilipendwa kwa uzuri wake. Kikapakwa picha, kikapakwa hata karatasi za kuta za nyumba walimolala watoto.

Gharama ya uhuru

Hapa twataka msomaji asimame kidogo pamoja nasi. Fundi wa kale aliisaga rangi yake, au aliwatazama wanafunzi wake wakiisaga. Alilijua jiwe, aliyajua mafuta, alijua ni siku ngapi kila rangi hukaa kabla ya kukauka. Mwenye mrija alijua jina lililoandikwa kwenye karatasi ya nje. Alipata uhuru wa kwenda popote, lakini akaanza kupoteza ujuzi wa kile alichokishika mkononi. Na mwenye duka alikuwa na mahitaji yake: alitaka rangi isikauke haraka ndani ya mrija, basi akaongeza nta au mafuta mengine, na asiye mwaminifu alichanganya rangi ya bei kubwa na rangi ya bei ndogo, akaiuza kwa jina lilelile.

Matokeo yake yaonekana katika majumba ya picha. Rangi kadhaa za wekundu, zilizotengenezwa kwa wadudu, mimea au dawa mpya za viwandani, zilikuwa nzuri sana na hazikuvumilia mwanga. Husimuliwa kwamba William Winsor, mwuza rangi, alimwonya mchoraji mkuu J. M. W. Turner asitumie rangi za namna hiyo, na Turner akamjibu kwamba kazi ya Winsor ni kutengeneza rangi, na yake yeye ni kuzitumia. Twalipa sisi tunaotazama leo: katika baadhi ya mbingu za Turner wekundu umepauka, na machweo yamekuwa kama mchana wenye ukungu.

Van Gogh alitumia wekundu mmoja wa kiwandani uliokuwa mpya wakati wake. Mwaka 1888 alichora shamba lenye maua ya zambarau karibu na Arles, kusini mwa Ufaransa. Zambarau ni nyekundu na buluu zikichanganywa. Nyekundu ikapauka, buluu ikabaki; na leo maua yale yaonekana kuwa ya buluu. Manjano yake ya kromi nayo hugeuka kahawia mahali pengine. Mwaka 2011 wataalamu waliotumia eksirei zenye nguvu huko Grenoble walieleza sababu: mwanga huigeuza kromi yenyewe, katika ngozi nyembamba sana ya juu. Van Gogh hakudanganywa. Katika barua kwa ndugu yake alikiri kwamba rangi hizo hazidumu, akaona afadhali kuzitumia kwa ukali zaidi, kwa kuwa wakati utazipunguza nguvu. Alijua, akachagua. Lakini wengi hawakujua, na hao ndio tunaowasikitikia, kwa maana walitoa miaka yao na macho yao, wakajenga juu ya kitu wasichokiuliza habari zake.

Waliouliza

Hata hivyo wako waliouliza. William Holman Hunt, Mwingereza, alichora mwaka 1852 kondoo waliopotea juu ya majabali ya bahari karibu na Hastings. Yeye na wenzake walitandaza rangi nyembamba juu ya msingi mweupe kabisa, ili nuru ipite ndani ya rangi na kurudishwa na weupe wa chini, kama jua lipitavyo katika jani. Kazi ya namna hiyo haivumilii rangi yenye hila. Basi mwaka 1880 Hunt alisimama mbele ya chama cha wasomi mjini London, akawaeleza kwa hotuba jinsi mafundi wa zamani walivyopata vifaa vyao na jinsi wachoraji wa wakati wake wanavyovipata, akawaonyesha ni hasara gani imeingia kati. Hakuwaambia wauvunje mrija. Aliwataka wajue kilichomo ndani yake.

Na Monet, ambaye watu humdhani kuwa mtu wa kukimbiza nuru tu? Nuru aliikimbiza kweli: miaka ya 1890 na 1891 alichora marundo ya nafaka karibu na nyumba yake mara 25 hivi, na alikuwa na picha kadhaa alizobadilishana kadiri saa zilivyopita. Hapo mvulana wetu apate jibu la swali lake la pili: mawingu hayangoji, bali mchoraji aweza kurudi kesho, saa ileile, na kuichukua tena picha ya saa hiyo. Lakini mwaka 1905, alipoulizwa rangi zake ni zipi, Monet alitaja sita tu: nyeupe ya risasi, manjano ya kadmiamu, nyekundu ya zebaki, nyekundu nzito ya mizizi, buluu ya kobalti, na kijani. Basi. Maduka yalikuwa yamejaa mirija ya kila namna. Mzee huyo aliyechora kwa karibu miaka hamsini alitosheka na sita, akasema ya kwamba jambo kubwa ni kujua kuzitumia.

Neno kwa nyumba zetu

Wasomaji wapenzi, mrija wa Rand ulikuwa kitu chema. Bila huo tungekosa picha nyingi zilizochorwa mbele ya maji na majani yenyewe. Kosa halikuwa katika kununua kitu kilicho tayari. Lilikuwa katika kudhani kwamba mnunuzi amefunguliwa wajibu wa kukijua.

Na sisi sote siku hizi ni watu wa mrija. Babu zetu walijua jani lipi latia kitambaa weusi na udongo upi hausagiki mvuani. Sisi twanunua rangi ya nyumba katika kopo, dawa katika chupa, na mbegu katika mfuko. Hatusemi turudi nyuma. Twasema baba asome kilichoandikwa kwenye chupa kabla ya kumpa mtoto, na mwanafunzi amwulize fundi kilichomo katika kopo kabla ya kupaka. Kuuliza si dharau kwa mwuzaji; aliye mwaminifu hufurahi kuulizwa.

Tulipokwisha kumweleza mvulana wetu mambo haya kwa ufupi, alikaa kimya, kisha akaomba karatasi. Akachora juu yake mistari mitatu: mmoja kwa mkaa, mmoja kwa udongo mwekundu wa njia ya kwenda mtoni, na mmoja kwa maji ya maua mekundu yaliyopandwa mbele ya darasa. Mstari wa maua ulikuwa mzuri kuliko yote, na wenzake wote waliusifu. Tukaibandika karatasi dirishani, tukaifunika nusu yake kwa kibao, jua lipige nusu nyingine.

Juma hili tuliondoa kibao. Mkaa ulikuwa vilevile pande zote mbili. Udongo ulikuwa vilevile. Mstari wa maua, upande wa jua, umekuwa kama doa la chai. Hakuna aliyecheka. Tunawaomba wanafunzi wa shule nyingine wafanye vivyo hivyo kwa majani na maua ya kwao, kisha watuandikie ni rangi zipi zilizosimama. Majina ya mimea hiyo tutayatoa katika ukurasa huu.